Bi Faili na Kipande cha Memori cha Mkwe

Kabati la vyombo la Bi Faili huwafanya wageni wacheke kimoyomoyo. Vikombe vimepangwa kwa ukubwa, mishikio yote inatazama kulia, na sahani za kila siku hazichanganyiki na za wageni hata dunia ikipinduka. Tangu ujana mpaka anastaafu alikuwa karani wa masjala katika ofisi ya umma, kwenye chumba cha chini chenye harufu ya karatasi na gundi, na hakuwahi kupoteza jalada wala kubadilisha namba ya jalada lililokwisha kupewa namba. Akieleza hilo hukaa wima kitini. Jina la Bi Faili alipewa kule kule kazini, likamfuata nyumbani, majirani wakalidaka, na leo ukiulizia jina lake la kuzaliwa pale mtaani utaambiwa hakuna mtu kama huyo.

Chumbani kwake, kati ya kitanda na cherehani, kuna meza ndogo, na juu yake kuna mashine. Ni kompyuta ya zamani ambayo yeye na mwanawe wa pekee waliiunda upya mwaka ule kijana alipomaliza chuo na kukaa nyumbani akisubiri kazi. Haina kazi nyingine ila kuhifadhi mafaili ya ukoo mzima: picha, video, vyeti vilivyopigwa skani. Kijana alifunga diski na nyaya. Mama alipanga mafolda kwa namba, kama masjala. Namba moja ni ya mwanawe, namba mbili ni yake mwenyewe, namba tatu wajomba, namba nne mashangazi, na mwisho kabisa lipo folda la Mengineyo, la vitu visivyo na kwao.

Siku zile za kuiunda walikaa sakafuni, kijana na skrubu mdomoni, mama na tochi mkononi. Mwanawe akisema "Tochi," tochi ilifika kabla neno halijaisha. Bi Faili ameona mengi maishani, lakini ukimwuliza raha ni nini atakutajia ile sakafu. Mfuniko wa ubavuni wa mashine ulipotea wakati ule ule, na kwa kuwa yeye hawezi kuvumilia kitu kikae uchi, alifuma kifuniko cha sufu ya buluu chenye maua pembeni, akakivalisha pale palipokuwa wazi.

"Mama, hii ni mashine, si mtoto mchanga," mwanawe alicheka.

"Hata mashine ina heshima yake," alijibu, akakaza fundo.

Kisha kijana akapata kazi, na baada ya kazi akapata mke. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, ingawa kwa haki lazima isemwe kwamba mke mwenyewe hakuwa na baya lolote. Bi Faili alimchunguza kwa makini, akitafuta. Hakuwa mvivu, hakuwa na mdomo, alisalimia vizuri, alikuja na matunda. Alikuwa fundi wa mitandao ya kompyuta, mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kucheka kwa pua. Alipofika mara ya kwanza baada ya harusi aliiinamia ile mashine, akachungulia taa zake, akauliza ina memori kiasi gani. Bi Faili alijisikia kama mtu aliyeulizwa umri mbele za watu.

Kabla ya hapo, kila Jumamosi mwanawe alikuwa akija peke yake na simu yake, anaichomeka, picha za wiki zinahamia kwenye mashine, na zikiendelea kuhama wawili hao wanakunywa chai na kusengenya ukoo. Mkwe aliona hiyo ni taabu ya bure. Siku moja alikaa dakika chache na simu zao, akapanga picha ziwe zinajituma zenyewe kutoka nyumbani kwao. Alidhani amesaidia. Na kweli alisaidia, hilo ndilo lililomchoma Bi Faili, maana Jumamosi iliyofuata picha zilifika na mwanawe hakufika.

Ikawa sasa anakaa mbele ya skrini akitazama maisha ya mwanawe yakiingia moja moja. Mwanawe anacheka mezani. Mwanawe amevaa shati asilolijua yeye. Na karibu katika kila picha, pembeni, nyuma, au katikati kabisa, yule yule. Roho ilimuuma. Ilimuuma hasa, kama jino, akila na akilala. Basi akaanza mchezo mmoja ambao hakumwambia mtu ila shoga yake, mshona mapazia wa nyumba ya pili. Picha za mwanawe peke yake alizipeleka namba moja. Picha zenye mkwe, zile za harusi zikiwemo, alizisukumia Mengineyo.

"Shoga, wivu huo utakutoa vipele," mshona mapazia alimwambia.

"Wivu? Mimi? Nimwonee wivu kitoto kile?"

"Kitoto kile kinalala na mwanao, wewe unalala na mashine."

Hawakuongea siku mbili tatu, kisha wakaendelea kama kawaida.

Picha zilipozidi, mashine ikaanza kwenda kwa kujikokota. Mkwe akaja na zawadi: kipande kipya cha memori, kimefungwa vizuri kwenye kiboksi. Alikichomeka mwenyewe kwenye tundu la pili, lililokuwa tupu miaka yote, kando ya kipande cha zamani, na mashine ikachangamka kama imepewa uji. Mwanawe alimpiga mkewe begani kwa furaha. Bi Faili alisema asante, akaenda jikoni kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Haukupita muda picha zikaanza kuharibika. Ya kwanza ilikuwa ya mkwe. Kuanzia puani kwenda chini alikuwa rangi ya kijivu, amekatwa mistari mistari. Mtu mzima na akili zake angepiga simu papo hapo. Bi Faili alicheka, akaifunga, akaenda kuanika nguo. Wiki iliyofuata alikuwa akihamisha picha za zamani za mwanawe ili azipange upya, akafungua ile ya siku ya kwanza ya shule, kijana na sare kubwa kuliko mwili. Kichwa kilikuwepo. Sare ilikuwa ukungu mtupu. Hapo kicheko kikamkauka. Picha yenyewe ya karatasi bado ilikuwa kwenye albamu na ingepigwa skani tena, lakini alifungua nyingine na nyingine, na akakuta tano sita zaidi zimeliwa vile vile.

"Mama, mashine yenyewe ni mzee," mwanawe alisema kwenye simu. "Kama imechoka, Jumamosi tutakuja tuihamishie kwetu. Nafasi ipo, na mke wangu ataiangalia."

"Haijachoka."

"Sasa mbona inaharibu picha?"

"Mtakapokuja Jumamosi nitakuwa nimejua."

Alikata simu akabaki amesimama. Ataiangalia! Yaani hata mashine! Mwana amechukuliwa, Jumamosi zimechukuliwa, na sasa kilichobaki mezani kwake nacho kinafungashwa. Bila mashine ile nani tena angempigia kuomba picha ya babu, nani angekuja na simu yake? Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Aliamua kwamba mashine haitatoka, na ili isitoke, ugonjwa usiwe wa mashine. Uwe wa kile kipande.

Memori aliielewa vizuri, kwa sababu kule masjala alikuwa na rafu na alikuwa na meza. Diski ni rafu. Memori ni meza: jalada lolote linaloingia rafuni au kutoka lazima lipitie mezani kwanza. Mezani kukimwagika chai, jalada litarudi rafuni limelowa, na rafu haina kosa. Hata jinsi ya kupima alikuwa anaijua, alifundishwa na mwanawe siku zile za sakafuni. Unatoa vipande vyote, unarudisha kimoja, unawasha programu ya kupima, ambayo huandika na kusoma, huandika na kusoma, na isipokuta ilichokiandika hutoa mstari mwekundu. Kisha unapima kingine. Kisha unavibadilishia matundu, upime tena, ndipo ufungue mdomo wako kusema kibovu ni kipi.

Akaanza na kipande cha zamani, kwenye tundu lake la kwanza. Programu ilizunguka tangu chai ya asubuhi mpaka nguo zilipokauka kambani, bila mstari hata mmoja. Bi Faili alikipangusa kwa upendo, akakilaza kwenye kitambaa. Akachomeka kipya pale pale kilipokuwa, tundu la pili, akawasha. Maji ya chai hayajachemka, skrini ikawa nyekundu juu mpaka chini.

Alipiga kofi moja, peke yake chumbani.

Bado palikuwa na hatua ya kubadilishana matundu. Aliijua. Alisimama aifanye, hata mkono ukafika kwenye mashine. Lakini jibu alilolitaka lilikuwa mbele ya macho yake, na hakutaka kuliuliza tena lisije likageuka. Akazima, akakitoa kipande cha mkwe, akakiweka kwenye kisosi cha wageni, juu ya karatasi laini, kama ushahidi wa polisi.

Jumamosi walikuja wote wawili. Mwanawe alikuja na boksi tupu la kubebea mashine, akaliacha karibu na mlango, na Bi Faili alijifanya hakuliona. Aliwakaribisha, akawamiminia chai, akasubiri vikombe vifike nusu, ndipo akakileta kisosi.

"Mashine nzima haina neno," alisema, akimtazama mwanawe tu. "Kibovu ni kipande cha mkeo, baba. Nimekipima mwenyewe. Pengine waliomuuzia walimwona mgeni, wakampa makapi."

Mwanawe aliinamisha kichwa kwa aibu, aibu kwa niaba ya watu wawili. Mkwe hakukunja sura. Alikichukua kipande, akakigeuza, akakitazama kwenye mwanga.

"Mama, ulikipima kwenye tundu lipi?"

"Hilo hilo kilipokuwa."

"Na kwenye lile lingine?"

Bi Faili alinyoosha kitambaa cha meza kilichokuwa kimenyooka. "Kule hakikuwa na shughuli."

"Mama!" mwanawe alisema. "Si wewe uliyekuwa unanisumbua kila mara nibadilishe matundu?"

Wakahamia chumbani. Mkwe alivua kile kifuniko cha sufu, akakitundika taratibu kwenye mgongo wa kiti, akapiga magoti. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akasema, "Tochi." Na tochi ikafika kabla neno halijaisha. Mwanawe ndiye aliyeitoa.

Bi Faili aliyaona hayo kutoka kitandani alikokaa. Hata yeye alijishangaa, mwanamke wa umri wake kutamani kumnyang'anya mtu tochi.

Kipande kipya kiliwekwa kwenye tundu la kwanza, programu ikawashwa. Ili kuua muda mwanawe alikwenda jikoni kurekebisha bomba lililokuwa likidondoka. Wanawake wawili wakabaki wakitazama skrini, feni ya mashine ikivuma. Mstari mwekundu haukuja. Chai yote ikanywewa, haukuja. Bi Faili alitamani mkwe amrushie neno, wagombane yaishe.

"Sasa cha zamani, tundu la pili," mkwe alisema hatimaye, kwa sauti ya chini.

Kikachomekwa. Kile kile kipande chake kipenzi, alichokipangusa kwa kitambaa. Skrini ikajaa wekundu mara moja.

Vipande vyote viwili vizima, basi. Tundu ndilo lenye mushkeli. Mkwe alizima, akachomoa, akamulika ndani. Alikaa hivyo kwa muda, kisha akaomba kitu chenye ncha, na Bi Faili akampa kibano chake cha kushonea. Kilichotoka mle kilikuwa kidogo sana, kifundo cha manyoya chenye vumbi, na chini ya vumbi kilikuwa buluu. Feni ilikuwa imevuta vinyuzi miaka yote kupitia pale pasipo na mfuniko, vikajikusanya kwenye tundu tupu, na kipande kipya kilipochomekwa vikakazwa chini yake, meno yake hayakugusa sawasawa.

Mkwe alikitazama kifundo. Akatazama kiti. Bi Faili naye akatazama kiti, maua ya buluu yaliyomtoa jasho jioni nzima nzima.

Mwanawe akaingia akipangusa mikono. "Haya, ni nini?"

"Vumbi tu," mkwe alijibu, akafumba kiganja. "Mashine za zamani ndivyo zilivyo. Ni jambo la kawaida."

Mtu mwingine angeshukuru. Angeshusha pumzi, angemimina chai nyingine. Bi Faili aliutazama ule mkono uliofumbwa na wivu ukamjia upya, mkali kuliko wa picha na wa tochi. Kwa hiyo hata kwa wema atamshinda! Ameitwa mjinga aliyeuziwa makapi, kwenye kisosi cha wageni, na bado anamfichia, na ataondoka na siri hiyo kiganjani, na kila wakikutana Bi Faili atalazimika kukumbuka nani alimstiri. Hapana. Hilo hakuwa tayari kumpa.

"Si vumbi," alisema. "Ni sufu yangu. Fumbua mkono, mama, aone."

Mkwe alifumbua. Mwanawe alitazama kiganja, akatazama kifuniko, akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. Kisha, macho bado yana machozi ya kucheka, akalifuata lile boksi mlangoni.

"Basi mama, tumejua. Nyumba hii itaimaliza. Tuichukue, kwetu itakaa mahali pa maana." Na mkono wake ukaenda kwenye waya wa umeme.

Maneno yote Bi Faili alikuwa ameyatumia kwenye kisosi. Alikaa kitandani na mikono mapajani, akaona kidole cha mwanawe kinashika plagi, akajua kwamba ameitoa mashine kwa mdomo wake mwenyewe.

"Acha," mkwe alisema.

Mwanawe aliacha.

"Inabaki hapa. Rudisha boksi kwenye gari, halafu malizia bomba, nalisikia linadondoka."

Akalichukua boksi, akatoka. Hivyo tu! Bi Faili amemzaa, amemlea, amemkimbiza na kandambili mkononi, na hajawahi kumtii kwa neno moja. Alipata alichokitaka, na kilimwasha mwili mzima.

"Kwa nini?" aliuliza, mlango ulipofungwa.

Mkwe alikaa sakafuni akaegemea kitanda. "Nikiichukua hii mashine, mama, utakuwa kwangu kila siku kuikagua."

Bi Faili alifungua mdomo kukana, kikatoka kicheko. Kilimponyoka kabisa. Mkwe naye akacheka, kwa pua.

"Halafu mimi siwezi kupata kitu humu bila wewe," aliendelea, akimtazama sasa. "Nilihangaika kutafuta picha za harusi yangu. Nimezikuta Mengineyo."

Uso wa Bi Faili ukapata moto mpaka masikioni. "Zilikuwa hazijapangiwa namba."

"Mwaka mzima, mama?"

"Masjala ilikuwa na kazi nyingi."

Hawakutazamana. Bi Faili alikivuta kile kifuniko kutoka kitini, akatafuta mwisho wa uzi, akaanza kukifumua, maana mkwe alisema ataleta mfuniko wa bati. Mkwe alipokea uzi bila kuambiwa, akawa anaukunja donge kadiri unavyokuja. Donge lake lilikuwa la mviringo, limekaza, zuri kuliko yote aliyowahi kukunja Bi Faili, na hilo nalo lilimuuma.

Uzi ulipokwisha waliwasha mashine, vipande viwili kwenye matundu mawili. Programu ilizunguka kwa utulivu mpaka mwanawe akamaliza bomba na kuanza kuuliza kuna chakula gani. Bi Faili akavuta kibodi. Alikaa akiyatazama mafolda yake, mtu ambaye hakuwahi kubadilisha namba ya jalada maisha yake yote. Kisha akawashusha wajomba, wakawa nne. Akawashusha mashangazi, wakawa tano. Palipobaki wazi akafungua folda jipya, akaandika jina la mkwe kwa herufi kubwa, akaanza kuzitoa picha za harusi kule Mengineyo, moja moja, akifungua kila moja kuhakikisha sura imefika nzima.

"Kwa hiyo mimi ni namba tatu," mkwe alisema, akisomea begani kwake.

"Tatu," Bi Faili alijibu.

Mwanawe alibaki namba moja. Na namba mbili hakusogea.